Kadari na Mkono wa Byung-Hyun Kim

Byung-Hyun Kim alikuwa na umri wa miaka 22 usiku wa tarehe 31 Oktoba 2001, alipoitwa kuingia uwanjani Yankee Stadium, New York, kuulinda ushindi wa wenzake. Alizaliwa Gwangju, kusini-magharibi mwa Korea Kusini, na kabla yake hakuna Mkorea aliyewahi kucheza katika World Series, fainali ya besiboli ya Marekani. Bingwa wa fainali hiyo ni timu inayotangulia kushinda michezo minne. Timu yake, Arizona Diamondbacks, ilikuwa imeshinda miwili, New York Yankees mmoja, na katika mchezo huu wa nne Arizona walikuwa mbele 3–1.

Asiyeujua mchezo wenyewe anahitaji kuelewa mambo machache tu. Mrushaji husimama juu ya tuta la udongo na kumrushia mpigaji mpira. Mpigaji akiuvusha ukuta wa mwisho wa uwanja kwa gongo lake, yeye na kila mwenzake aliyekuwa njiani, kwenye vituo viitwavyo besi, hurudi nyumbani na kuhesabiwa pointi. Kila timu ina zamu tisa za kupiga, zikiisha kwa sare huongezwa nyingine, na zamu huisha wakishatolewa wapigaji watatu. Mwishoni huingizwa mrushaji maalumu wa kumalizia. Kazi yake ni fupi na haina pa kujificha: akifanikiwa husifiwa aliyeanza, akikosa hukumbukwa yeye.

Warushaji wengi huushusha mkono kutoka juu ya bega. Kim alikuwa akiinama mpaka kiwiliwili chake kinalala, mkono wa kulia unapita chini ya goti, vidole vinakaribia kukwangua udongo, na mpira unatokea huko chini ukipanda. Ukikaribia gongo unakata upande. Arizona walimsajili mwaka 1999 kutoka Chuo Kikuu cha Sungkyunkwan kwa dola milioni 2.25. Mchezo wake wa kwanza katika ligi kuu, tarehe 29 Mei mwaka huohuo, ulichezwa New York pia, dhidi ya Mets. Aliingia mwishoni, timu yake ikiwa mbele kwa pointi moja, na wa mwisho kusimama mbele yake alikuwa Mike Piazza, mmoja wa wapigaji waliokuwa wakiogopwa kuliko wote. Kim alimtoa bila mpira kuingia uwanjani. Alikuwa na miaka 20.

Basi usiku ule wa Oktoba hakuwa mtoto aliyeokotwa. Zamu ya nane alitoa wapigaji watatu, na hakuna hata mmoja aliyeuweka mpira uwanjani. Zamu ya tisa akabakisha mtu mmoja wa kutoa, Paul O'Neill wa Yankees akiwa amesimama besi ya kwanza. Tino Martinez akaupiga mpira wa kwanza aliorushiwa, ukavuka ukuta. Matokeo yakawa 3–3. Saa sita ya usiku ikapita, Oktoba ikawa Novemba, mwezi ambao ligi kuu haikuwahi kuchezwa ndani yake. Zamu ya 10, tena akiwa amebakisha mtu mmoja tu, Derek Jeter akavumilia mpira baada ya mpira, kisha akauvusha ukuta wa kulia, Yankees wakashinda 4–3. Kim alikuwa amerusha mipira zaidi ya 60, kazi ambayo mrushaji wa kumalizia huigawa kwa siku kadhaa.

Siku iliyofuata, kocha Bob Brenly akamwingiza tena. Arizona 2, Yankees 0, zamu ya tisa, amebakisha mtu mmoja. Scott Brosius akaupiga, na kila aliyekuwa uwanjani alijua unakokwenda kabla haujafika. Matokeo yakawa 2–2. Kim akachuchumaa juu ya tuta, kichwa chini. Mark Grace, mchezaji wa besi ya kwanza, mtu mzima aliyeshacheza miaka mingi, akamwendea na kumkumbatia. Wengine wakasogea. Yankees walishinda mchezo huo katika zamu ya 12, wakawa mbele kwa michezo mitatu kwa miwili.

Mimi nilikuwa Phoenix, mji wa timu hiyo ya Arizona, wakati huo. Nilitoka Tanga nikiwa kijana aliyehitimu madrasa na sekondari, na kazi niliyoipata ilikuwa ya usiku, katika chumba cha kufulia cha hoteli moja katikati ya mji. Juu ya rafu ya sabuni palikuwa na televisheni ndogo, na msimamizi alituruhusu kuiwasha wakati wa fainali. Kwenye mashine ya pasi, jirani na meza yangu ya kukunjia taulo, alikuwapo mama mmoja Mkorea, mtu mzima, mke wa mzee wa kanisa. Mimi wa msikiti, yeye wa kanisa, na tulikuwa tukizungumza sana habari za Mungu katika Kiingereza chetu cha kuungaunga. Kim alimwita mtoto. Hakuwahi kumtaja kwa jina.

Mashine ile ni silinda mbili za moto. Unaingiza kitambaa cha meza kikiwa bado kibichi, kinatoka upande wa pili kikavu na kimenyooka, na usipokipokea kwa wakati kinajikunja sakafuni inabidi kifuliwe upya. Brosius alipoupiga mpira, mama yule alikuwa ameshaingiza kitambaa. Alikipokea, akakikunja, akakiweka juu ya vingine. Kisha akaniuliza kama nadhani huko New York kuna mtu atakayemhimiza yule mtoto ale.

“Atakuwa hajala tangu mchana,” akasema. “Na jana hakula.”

Sikuwa na la kumjibu. Kichwani mwangu nilikuwa na masuala ya kadari, niliyoyasoma kwa miaka kwa maalimu wangu wa Tanga, na nilikuwa nikitafuta mahali pa kumweka Kim ndani yake.

Lazima niseme watu walikuwa katika hali gani mwezi ule, kwa sababu bila hiyo suala lenyewe halieleweki. New York ilikuwa bado inatafuta maiti zake kwenye kifusi cha shambulio la tarehe 11 Septemba. Bendera iliyochanika, iliyookolewa katika magofu ya World Trade Center, ilipepea juu ya Yankee Stadium. Rais Bush alirusha mpira wa ufunguzi wa mchezo wa tatu. Mipira mitatu ilipovuka ukuta ndani ya siku mbili, yote ikiwa amebaki mtu mmoja tu wa kutolewa, wengi walisema kwa dhati kwamba Mungu anawafuta machozi watu wa New York kwa mikono ya Yankees. Ninawaelewa. Aliyefiwa huishika ishara yoyote anayopewa. Lakini upande wa pili wa ishara hiyo palikuwa na kijana amechuchumaa, na kama Mungu ndiye aliyewapa wale, basi kwa hesabu hiyohiyo Mungu ndiye aliyemtupa huyu.

Nami nilikuwa na sababu ya kuwaogopa watu wanaojua kwa uhakika Mungu yuko upande gani. Waliozigonga zile ndege katika minara walilijua. Tarehe 15 Septemba huko Mesa, mji ulio jirani na wetu, mwanamume alimpiga risasi Balbir Singh Sodhi, Sikh aliyekuwa na kituo cha mafuta, akamuua kwa sababu ya kilemba chake na ndevu zake. Naye aliona analipa kisasi kitakatifu. Wiki zile nilikuwa nikivua kofia yangu kabla ya kupanda basi.

Tarehe 3 Novemba fainali ilirudi Phoenix, Arizona wakashinda 15–2. Tarehe 4 ukachezwa mchezo wa saba, wa mwisho. Yankees walikuwa mbele 2–1, na tuta lilikuwa na Mariano Rivera wa Panama, ambaye wengi humhesabu mrushaji bora wa kumalizia aliyepata kutokea. Zamu ya tisa Rivera mwenyewe akakosea kurusha mpira kwenda besi ya pili. Tony Womack wa Arizona akapiga, ikawa 2–2. Luis Gonzalez akaupiga mpira dhaifu, ukapita kidogo tu juu ya vichwa vya waliokuwa wamesogezwa karibu, ukaanguka kwenye nyasi. Arizona wakawa mabingwa. Kim, ambaye hakuingizwa katika mchezo huo, alikimbia uwanjani pamoja na wenzake.

Kwetu husemwa Mungu si Athumani. Nilisema hivyo usiku ule, nikifurahi kwa niaba ya Kim. Ni usemi wa mtu aliyekwishaokolewa. Sijawahi kumsikia akiusema aliyebaki majini.

Hapo ndipo suala langu lilipo. Kati ya tarehe 1 na tarehe 4, alichokifanya Kim hakikubadilika hata kidogo. Mipira ile mitatu ilikuwa imekwisha kurushwa, na maji yakimwagika hayazoleki. Lakini tarehe 2 alikuwa mtu ambaye jimbo zima lilijiandaa kumbebesha lawama maisha yake yote, na tarehe 5 alikuwa bingwa ambaye makosa yake yamekuwa sehemu tamu ya hadithi. Kilichombadilisha ni gongo la Womack na gongo la Gonzalez, watu wawili wengine, siku tatu baadaye, yeye akiwa amekaa kwenye benchi. Je, hukumu juu ya mtu inaweza kukaa mikononi mwa watu wengine namna hiyo?

Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walilichambua jambo hili mwaka 1976, kila mmoja kwa makala yake. Williams alimtaja dereva wa lori ambaye, bila uzembe wowote, anamgonga mtoto aliyekatiza mbele yake. Hana hatia. Hata hivyo tungemshangaa dereva ambaye angesema tu kwamba hakuwa na kosa, akawasha gari na kuendelea na safari. Tunatarajia abebe uchungu ambao abiria aliyekaa pembeni yake hawajibiki kuubeba, kwa sababu mikono iliyoshika usukani ilikuwa yake. Nagel alisukuma mbele zaidi: ukiondoa katika hukumu kila kisichokuwa mikononi mwa mtu, yaani matokeo, mazingira aliyowekwa na hata tabia aliyozaliwa nayo, mwisho hakibaki cha kuhukumiwa.

Nadhani Williams ameona kitu cha kweli. Uchungu wa Kim ulikuwa halali yake. Mtu mwingine, hata mama yule wa mashine ya pasi, asingeweza kuubeba kwa niaba yake, na kumwambia kijana yule kwamba hakuna kilichotokea kungekuwa kumdharau. Ila uchungu wa mtendaji ni kitu kimoja na lawama ya watazamaji ni kitu kingine, na tunavichanganya kila siku. Tunamwona mtu anaumia, tunadhani maumivu yake ni ungamo.

Tazama lawama ingekwenda wapi kama ingefuata sababu. Aliyekuwa mrushaji wa kumalizia wa Arizona, Matt Mantei, aliumia kiwiko mapema msimu ule, ndipo kazi ikamwangukia Kim, naye akaifunga michezo 19. Curt Schilling aliuanza mchezo wa nne akiwa na mapumziko ya siku tatu tu, kwa hiyo akatolewa baada ya zamu saba. Brenly alimtaka Kim amalize zamu mbili badala ya moja, akamwacha aingie na ya tatu, kisha akamrudisha siku iliyofuata. Martinez aliketi akamsoma Kim kwa macho ya mtu aliyefanya kazi hiyo zaidi ya miaka 10. Mpira mmoja ulibeba watu wote hao, na ulipotua nje ya ukuta tuliona mkono mmoja tu.

Maalimu wangu alipotusomesha kadari, alianza na makundi mawili yaliyopotea pande mbili. Moja lilisema mja ni unyoya kwenye upepo, hana tendo lolote. La pili lilisema mja huumba matendo yake mwenyewe na Mungu hana sehemu humo. Kisha akatupa njia ya Imamu Abul-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki Baghdad katika karne ya 10: tendo huumbwa na Mwenyezi Mungu, na mja hulichuma. Nikiwa mwanafunzi niliona ni ujanja wa maneno. Kim ndiye aliyenifanya nilione lina uzito. Alichokichuma ni kile alichokuwa nacho kabla mpira haujaondoka kwenye vidole: mazoezi ya miaka, kukubali kuingia akiwa amechoka, kuchagua mpira wa kurusha, kuurusha kwa nguvu zake zote mbele ya watu zaidi ya elfu hamsini waliotaka ashindwe. Baada ya hapo mpira ulikuwa katika milki ya Mungu, pamoja na upepo wa usiku ule na jicho la Martinez. Ikiwa kuna hesabu, itakuwa ya mchumo, na mchumo wa Kim siku zile ulikuwa mwema.

Kuna pia fundisho la Mtume wetu, limo katika Sahihi ya Imamu Muslim, linalomtaka muumini akipanie chenye manufaa kwake, amwombe Mungu msaada, asikate tamaa, na likimfika la kumfika asirudi nyuma kujihesabia angefanya hivi ingekuwa vile. Ninauona mpangilio wake una maana kubwa. Juhudi imetangulia, kadari imekuja baada ya jambo kupita. Tena anayeambiwa aishike kadari ni yule aliyefikwa. Sioni humo ruhusa ya jirani kumwendea aliyefikwa na kumfafanulia kwa nini Mungu amemchagua yeye.

Jambo hilo la kufafanua lina mfano katika besiboli yenyewe. Tarehe 3 Oktoba 1951, Ralph Branca wa Brooklyn Dodgers alipigwa mpira ukavuka ukuta na Bobby Thomson wa New York Giants, na ubingwa wa ligi yao ukaenda na mpira huo. Branca alikuwa Mkatoliki. Akitoka uwanjani alimuuliza padri mmoja kwa nini imekuwa yeye, na padri akamjibu kwamba Mungu amemchagua kwa sababu anajua imani yake ina nguvu ya kuubeba mzigo ule. Branca alilishika jibu hilo. Lilimsaidia, na sitalidharau lililomsaidia mtu kuamka kesho yake. Lakini mnamo Januari 2001, miezi tisa kabla ya usiku wa Kim, gazeti la Wall Street Journal lilichapisha kwa ushahidi kwamba msimu ule Giants walikuwa wameweka darubini katika ofisi iliyokuwa nyuma ya uwanja wao, wakizisoma ishara za mdakaji wa wapinzani na kuwapa wapigaji wao habari kwa kengele ya umeme. Padri alisema kwa wema, na alisema mapema mno. Alichokihesabu kuwa mpango wa mbinguni kilikuwa na mtu amejificha na darubini ndani yake.

Fainali ya 2001 nayo ina tukio lake, na ndilo linalonifanya niandike. Yankees walikuwa na mchezaji wa akiba, Enrique Wilson, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika. Alikuwa amepanga kwamba wakitwaa ubingwa atabaki New York kwa maandamano ya ushindi, kisha arudi nyumbani kwa ndege ya American Airlines namba 587, tarehe 12 Novemba. Waliposhindwa, hapakuwa na maandamano, akaondoka mapema. Asubuhi ya tarehe 12 ndege namba 587 iliruka kutoka uwanja wa JFK kwenda Santo Domingo na baada ya muda mfupi ikaanguka katika mtaa wa Belle Harbor, Queens. Wote 260 waliokuwamo walikufa, na watu 5 waliokuwa ardhini. Rivera, ambaye ni mcha Mungu na hafichi, alipolijua jambo la Wilson alisema kwamba anafurahi walishindwa, kwa kuwa amebaki na rafiki yake.

Niliisoma kauli hiyo miaka kadhaa baadaye na nikatulia nayo kwa muda mrefu. Ni kauli kubwa. Mtu aliyepoteza mchezo mkubwa kuliko yote maishani mwake anauweka kwenye mizani na uhai wa mwenzake, na hasiti. Ningependa kuwa na moyo huo. Ila wapo waliochukua shukrani ya Rivera wakaigeuza kuwa maelezo: Mungu aliwanyima Yankees ubingwa ili amwokoe Wilson. Wengine wakarudi nyuma zaidi, wakasema kila kitu katika fainali ile kilipangwa kwa ajili hiyo, pamoja na Kim kuchuchumaa kwenye udongo.

Ninapofika hapo nawafikiria wale 260. Wengi wao walikuwa watu wa Dominika, mafundi, wafanyakazi wa usafi, bibi wanaorudi kuwaona wajukuu, wamebeba zawadi. Waliniuma kwa namna ya pekee, kwa sababu safari ile naijua: kudunduliza mwaka mzima, kununua viatu vya watoto usiojua miguu yao imefika wapi, kupima sanduku usiku kwa mkono. Ilikuwa mwezi wa Shaaban, siku chache kabla ya Ramadhani, na jamaa zangu kadhaa walikuwa nao wakifunga masanduku kwenda kufungulia nyumbani. Ukimwambia mjane wa mmoja wa wale kwamba Mungu aliyapindua matokeo ya World Series ili mtu mmoja asipande ndege ile, unamwambia nini kuhusu mumewe?

Katika Surat al-Kahf, Nabii Musa anafuatana na mja mwema ambaye wafasiri humwita Khidhri. Khidhri anaitoboa merikebu ya maskini, anamuua kijana, anausimamisha ukuta katika mji wa watu waliowanyima chakula. Musa hawezi kuvumilia, na kila mara anapinga. Mwishoni anaambiwa sababu: merikebu ilitobolewa ili mfalme mnyang'anyi asiitake. Watu wengi hukitumia kisa hiki kusema kila baya lina jema nyuma yake, na kisha wao wenyewe wanaanza kulitaja hilo jema. Wanajiweka mahali pa Khidhri. Mimi nakisoma kwa kumtazama Musa. Yule ni mtume aliyezungumza na Mungu, na pale alipo, bila kuambiwa, anaona merikebu ya maskini imetobolewa na anakasirika. Qurani haikumficha akikasirika. Sababu alielezwa na aliyepewa elimu hiyo na Mola wake mwenyewe, si kwa kukisia. Sisi hatukupewa. Tulichopewa ni kuiona merikebu inaingia maji na kuwajua wenye nayo.

Kwa hiyo ninaitenga shukrani na maelezo. Wilson ana haki ya kusujudu maisha yake yote, na Rivera kufurahi pamoja naye. Shukrani inasema nimepewa, inaishia hapo, na haimnyang'anyi mtu. Maelezo yanasema nimepewa kwa sababu hii na ile, na papo hapo yamemgusa asiyepewa, yamempa sababu ambayo hakuiomba. Mtu wa New York aliyelia kwa furaha Jeter alipoupiga ule mpira alikuwa na haki ya kushukuru pia. Kosa lilianza pale aliposema Mungu amemshinda Kim.

Kinachonivuta kwa Mark Grace ni wakati aliouchagua. Alimkumbatia Kim matokeo yakiwa 2–2, mchezo unaendelea, fainali haijulikani itakwenda wapi. Kama angesubiri mpaka tarehe 4, kukumbatia kungekuwa rahisi na kusingekuwa na maana yoyote. Mama wa mashine ya pasi naye hakusubiri. Aliposema habari ya chakula nilidhani amelikwepa suala, na kwa muda nilimwona kama mtu asiyependa kufikiri mambo mazito. Sasa ninaamini kwamba yeye, kati yetu wawili, ndiye aliyekuwa akizungumza habari za kadari. Lililopita alikwisha kulikabidhi kwa mwenyewe. Lililobaki mikononi mwa watu usiku ule lilikuwa sahani ya chakula, na ndilo aliloliuliza.

Siku hizi nafundisha madrasa Jumamosi, watoto wa Kisomali, wa Kikongo, wa Mombasa na Tanga, na wengi wao hucheza besiboli shuleni. Mmoja, mrushaji, alikuja darasani akiwa amevimba macho. Jioni iliyotangulia alipigwa mpira wa mwisho, na timu yake ikatolewa.

“Ustadh,” akaniuliza, “Mungu ndiye aliyetaka nipigwe?”

Nilimuuliza kwanza alirusha vipi. Akanionyesha, mkono wake, kiwiko chake, jinsi alivyoshika mshono wa mpira kwa vidole viwili. Alijua kila kitu alichokifanya. Nikamwambia hicho ndicho chake, na hicho ndicho atakachoulizwa, na kwamba mimi siwezi kumwambia Mungu alitaka nini kwa mpira ulioondoka mkononi mwake, wala hakuna mtu mle msikitini awezaye, hata akivaa kilemba kirefu namna gani. Hakuridhika. Alitaka kujua kama kuna mwingine aliyewahi kupigwa hivyo na ikawaje baadaye, ndipo nikamsimulia habari za Kim.

Nilimsimulia yote, hata mabaya. Kwamba mwaka 2003, akiwa na Boston, mashabiki wa timu yake mwenyewe walimzomea naye akawanyooshea kidole cha matusi, kisha akaomba radhi. Kwamba tarehe 28 Mei 2006, akiwa Colorado, ndiye aliyepigwa na Barry Bonds mpira wake wa 715 wa kuvuka ukuta, ule uliomfanya ampite gwiji wa zamani Babe Ruth. Alikuwa amemrushia mpira wa kupigika, wakati warushaji wengi walikuwa wakimkwepa Bonds. Na kwamba mwaka uliofuata ile fainali, 2002, alifunga michezo 36, akachaguliwa miongoni mwa nyota wa ligi, na mwezi Juni akarudi Yankee Stadium kwa mara ya kwanza. Akapanda tuta lilelile. Akaumaliza mchezo, Arizona wakashinda, akabaki na mpira mkononi, akageuka, akauvurumisha kwa nguvu zake zote mpaka ukavuka ukuta wa kushoto.

Mtoto akauliza kama sheria inaruhusu mrushaji kufanya hivyo. Nikamwambia mchezo ulikuwa umekwisha. Akataka kujua ulifika wapi, kama kuna mtu aliuokota, na kama yeye anaweza kuuvusha ukuta wa uwanja wa shule yao kutoka kwenye tuta, na tukachelewa kufungua misahafu kwa sababu wenzake nao walianza kubishana ni hatua ngapi.